Anayefunga Mteremko

Barabara ile ilichongwa kwa ajili ya watu wenye magari na macho ya kustarehe. Ilipanda mlima kwa kona ishirini na saba, na katika kona tano waliacha uwanja mdogo wa lami wenye kingo za chuma, ili mgeni asimame, ashangae bonde, apige picha, aende zake. Mabango yaliziita sehemu za mandhari. Watu wa baiskeli, ambao hawakuwa na muda wa kushangaa, waliziita madirisha: la kwanza karibu na mji, la tano karibu na lango la hoteli. Sehemu kubwa ya mwaka madirisha hayo yalitazama ukungu mtupu, na mgeni aliyetoka mbali alipiga picha ya ukungu huo huo na kuusifu.

Mama Mashuka hakuwahi kusimama kwenye dirisha lolote kutazama chochote. Alikuwa dobi wa hoteli. Juu kule nguo hazikauki, basi alfajiri alipanda na mashuka safi, akisukuma baiskeli penye kona kali, na saa tatu, vyumba vikishafagiliwa, aliteremka na machafu, furushi moja kwenye keria na jingine mbele kwenye usukani. Hakuwa mama wa mtu kwa kuzaa. Mtoto pekee aliyemlea ni mdogo wake, kitindamimba wa nyumba yao, aliyeachiwa akiwa na miaka minne. Sasa mdogo wake alikuwa mtu mzima, akifanya kazi ya jikoni hoteli ile ile, na zamu yake ilianza saa nne. Kila asubuhi mmoja akishuka mwingine alikuwa akipanda, wakapeana salamu bila kusimama.

Na wote wawili walitegemea utaratibu ambao hakuna bango lililouandika. Baiskeli inayoteremka haina mngurumo. Ukiisikia kwenye ukungu, ujue imeshakufikia. Anayepanda naye hawezi kunyoosha. Hukata barabara upande hadi upande, la sivyo mapaja yanagoma. Zamani wawili waligongana pale dirisha la pili, mmoja akapoteza meno manne na mwingine hamu ya baiskeli maisha yake yote. Ndipo wakakubaliana kwamba kila anayeshuka apaze sauti kwenye kona, ataje walio nyuma yake. “Bado watatu!” “Bado mmoja!” Mpandaji akisikia hivyo hujibanza kando ya mtaro, kwenye kokoto, akajikongoja hapo. Wa mwisho husema, “Nafunga!” Kuanzia hapo barabara nzima ni ya wapandaji.

Kwa kuwa hakuna aliyeshuka baada ya Mama Mashuka, kufunga kulikuwa kazi yake. Miaka kumi na tisa. Walimcheka kwa mengi, kwa soksi zisizofanana, kwa kuzungumza na breki zake kana kwamba ni wakwe, lakini neno lake lile hakuna aliyelifanyia mzaha. Akisema amefunga, mtu angeweza kupanda amefumba macho.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa mzito hata hakuona gurudumu lake la mbele, alifika dirisha la tatu akapaza sauti kama siku zote.

“Nafunga!”

Nyuma yake mtu akasema, “Bado.”

Hakusema kwa kelele. Alisema kwa utulivu, kama aliye bafuni akagongewa mlango. Mama Mashuka akakamata breki zote mbili, akashusha mguu, akageuka. Weupe tu.

“Nani wewe?”

Hakuna mlio. Hakuna cheni, hakuna kokoto. Akangoja hadi jasho likampoa mgongoni, kisha akaondoka. Kona iliyofuata akasema tena, kwa sauti ndogo kidogo, na nyuma yake, karibu vile vile kama mwanzo, sauti ikamjibu, “Bado.”

Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu, kabla ya kuondoka, akamwendea bawabu wa hoteli.

“Hivi kuna mtu anatoka hapa baada yangu?”

“Baada yako inatoka harufu ya vitunguu tu. Kwani vipi?”

“Nauliza tu.”

“Ni umri huo, Mama Mashuka. Mimi juzi nimesalimia mti, tena kwa heshima zote.”

Alicheka, maana bawabu alistahili kuchekewa, kisha akaondoka na mafurushi yake. Alikuwa na njia mbili tu. Aseme anachojua, kwamba nyuma hakuna mtu, au aseme anachosikia. Na chini, kwenye ukungu, mdogo wake alikuwa akipanda kwa kuliamini neno litakalotoka kinywani mwake. Alipofika dirisha la tatu akapiga moyo konde, akasema, “Bado mmoja!”

Nyuma yake safari hiyo hapakujibiwa neno. Hilo ndilo lililomsimamisha nywele. Aliyekuwa nyuma alikuwa ameridhika.

Akaendelea hivyo wiki nzima. Wapandaji wakajibanza mtaroni wakimngoja mmoja asiyekuja. Mmoja wao, muuza mikate, akamuuliza huyo mmoja wake ni kobe au mwanadamu. Wengine hawakuuliza, walimtazama vile watu wanavyomtazama mtu anayeanza kusahau majina. Mdogo wake akachelewa kazini mara tatu.

Jioni ya mara hiyo ya tatu alikuja uani kwa dada yake, akashika ncha ya pili ya shuka bila kuambiwa, wakalikamua kama walivyozoea, huyu akisokota kulia na yule kushoto.

“Dada, mpishi mkuu amesema nikichelewa tena nisihangaike kupanda.”

Mama Mashuka akasokota.

“Huyo mtu wa nyuma, yupo au hayupo?”

“Namsikia.”

“Umemwona?”

“Sijamwona.”

Maji yakachuruzika yakaisha. “Mimi nimekua kwa neno lako,” mdogo wake akasema. “Ukisema yupo, nitajibanza mtaroni mwaka mzima na kazi iende zake. Ila niambie kwa moyo mmoja. Yupo?”

Ungejibu nini? Alimtazama mtoto wake huyo, maana alikuwa mtoto wake hasa, mikono imechubuka kwa kuosha masufuria ya watu, akaona aibu.

“Kesho nitafunga,” akasema. “Panda kama zamani.”

Usingizi haukumjia vizuri, na kulipokucha alikuwa amepata shauri ambalo, kusema kweli, hata mimi ningelifuata. Yeye hakuwa tayari kusema uongo, na huyo wa nyuma hakutaka kufungiwa njia. Basi huyo atangulie, yeye afuate.

Saa tatu na dakika kumi alisimama dirisha la tatu, akaiegemeza baiskeli kwenye kingo, akasogea pembeni. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye lami.

“Pita,” akasema. “Pita wewe mbele, mimi nifunge.”

Palikuwa kimya kiasi cha kusikia mashuka yakijikunjua ndani ya furushi. Kisha kukaja mlio wa gurudumu linalozunguka bila kupigwa pedali, tik tik tik, ukashuka kwenye kona ya juu, ukampita hatua mbili kutoka alipo. Hakuona kitu. Alisikia harufu tu, sabuni ya mche anayofulia yeye, na breki ya nyuma ikilia ule mlio wake wa kukwaruza ambao aliujua vizuri, kwa sababu alikuwa akiubembeleza kila siku kwenye baiskeli yake. Mlio ukazama chini.

Akashusha pumzi. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika usukani aliposikia kutoka kona ya chini sauti ya mwanamke ikipaa, safi, yenye mkwaruzo kidogo katikati kwa sababu ya baridi.

“Nafunga!”

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Ndipo akaelewa. Yule alikuwa anamwendea mdogo wake, na njia alikuwa ameifunga. Sasa Mama Mashuka ndiye aliyebaki nyuma, wala hakuna aliyemtarajia.

Hakuweza kukaa pale. Alipanda baiskeli, akaachia, huku akipiga kelele hadi koo likamuuma, “Bado mmoja! Bado mmoja jamani!” Kona ya kwanza akaikata, ya pili akaikata. Ya tatu mdogo wake alikuwa katikati ya barabara, baiskeli imekingama kwenye lami, kichwa chini, akikanyaga bila wasiwasi wowote. Mama Mashuka akaupinda usukani kuelekea mlimani. Akaenda mtaroni na baiskeli yake, na mafurushi yakapasuka, mashuka ya watu yakatapakaa hadi kwenye kingo.

Alipoinua uso, damu ilikuwa ikimtoka kwenye nyusi. Mdogo wake alikuwa amesimama juu yake, amekamata baiskeli kwa mikono miwili.

“Hukunisikia?” Mama Mashuka akauliza. “Nimesema bado mmoja!”

“Nimesikia mtu akisema. Nikajua si dada, maana dada ameshafunga.”

“Mimi ndiye dada yako.”

“Dada amenipita sasa hivi. Nimempa shikamoo, ameitikia.” Akarudi hatua moja nyuma. “Wewe ni nani?”

Kidonda hakikumuuma kama lile swali. Alimwita kwa jina la utotoni, jina la nyumbani ambalo mtu wa nje halijui. Alimwambia wapi alivunjika jino la kwanza na nani alimbeba mgongoni kwenda kwa daktari. Mdogo wake akasikiliza yote. Uso ukamlainika taratibu, akalaza baiskeli chini, akanyoosha mkono ili amtoe mtaroni. Vidole vyao vilikuwa vinakaribia kugusana.

Mbali chini yao, kama kwenye dirisha la kwanza, sauti ile ikapanda tena, tulivu na ya kuaminika.

“Nafunga!”

Mdogo wake akaurudisha mkono. Akainua baiskeli yake.

“Umesikia? Dada amefunga,” akasema, akitazama kule chini. “Nimechelewa.”

Akaiweka katikati ya barabara, akaanza kupanda, akikata lami upande hadi upande, wala hakugeuka.