Siku Saba za Sheha Bila Dawa

Paka mgonjwa aliyeachishwa dawa siku tano zilizopita amewezaje kunenepa?

Ghalia Khalaf, muuguzi wa wanyama, anajiuliza hivyo. Ni saa tatu na robo asubuhi, Jumatano, naye amesimama mbele ya mizani katika kliniki ya wanyama mjini Ibra, Oman. Mkono wake mmoja umetulia juu ya mgongo wa paka wa rangi ya majivu, na kwa mara ya tatu anaisoma namba ile ile: kilo tatu na gramu mia nne na hamsini. Ijumaa iliyopita zilikuwa kilo tatu na gramu mia tatu.

Nje, maegesho yamejaa. Leo ni siku ya soko la wanawake, na waliotoka mbali, hata Jalan Bani Bu Hassan, huwapitisha mbuzi na paka wao kliniki kabla ya kwenda kuchagua vitambaa. Ghalia anaujua msongamano wa Jumatano kwa miaka kumi na moja sasa. Hata hivyo hana haraka. Anavaa kifaa cha kusikilizia moyo, anafumba macho na kuhesabu.

"Mia moja na tisini kwa dakika," anasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe. "Kwa paka wa hali yake, moyo huu umetulia mno."

"Mashallah!" anadakia Bi Asya, mwenye paka, kutoka kwenye kiti cha pembeni. "Si umwone alivyonawiri? Mie nlikwambia ataamka huyu."

Ghalia anatabasamu kwa adabu na kuitazama tena mizani.

Paka huyo anaitwa Sheha. Ana miaka kumi na minne. Jina alipewa kwa sababu tangu utotoni kila asubuhi alipita mlango hadi mlango kukagua nani kapika nini, kama masheha, wale viongozi wa mitaa ya Unguja, wanavyojua habari za kila nyumba. Bi Asya, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman mwaka 1972. Mumewe amefariki, watoto wamehamia Maskati, na mjukuu wake Ghaith, mfanyakazi wa serikali, anaishi ua wa jirani na mkewe na mtoto mchanga.

Miaka miwili iliyopita Sheha alianza kula kama anayefidia njaa ya mwaka mzima, na huku anakonda. Alilia ovyo, moyo ukaenda mbio, manyoya yakasimama. Vipimo vilionyesha kwamba tezi yake ya shingoni imevimba na inausukuma mwili ufanye kazi kupita kiasi. Tangu hapo, asubuhi na magharibi, Bi Asya huvaa glavu ya mpira na kumpaka ndani ya sikio dawa inayopenya ngozi.

"Mikono yenyewe hii," anasema, akiinyoosha ili itazamwe. Vidole vimepinda, na vinatetemeka. "Leo nampaka, kesho sijui. Na nikiondoka mimi, nani atampaka? Ghaith? Ghaith anamwogopa!"

"Simwogopi, Bibi," anajitetea Ghaith, aliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Ila hii paka ina makucha."

"*Huyu* paka, *ana* makucha. Hii ni meza. Mkubwa mzima na madevu yako!"

Ghalia anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Anasema mazungumzo ya namna hiyo humrudisha jikoni kwa marehemu mama yake, aliyezaliwa Chake Chake. Kiswahili chake chote alikiokota kule, kati ya mbuzi ya kukunia nazi na redio iliyokuwa haizimwi. Barabarani na shuleni kilikuwa Kiarabu. "Mama alipofariki, nilikaa karibu mwaka mzima bila mtu wa kuniambia 'weye'," anasema. "Siku Bi Asya alipoingia hapa na Sheha kwenye kapu, akaniuliza, 'Weye mtoto wa nani?', nilitaka kulia."

Alisomea uuguzi wa wanyama katika chuo kimoja huko Nizwa, baada ya kuacha kazi ya ofisini iliyomlipa vizuri zaidi. Leo anapata riyali mia tatu na hamsini kwa mwezi. Kazi yake kubwa ni mbuzi wenye homa na ngamia waliochomwa na miiba. Lakini kuna kazi moja ambayo daktari wa kliniki hiyo, Hazim, amemwachia yeye peke yake: kuwaandaa paka wazee kwa tiba ya iodini yenye mionzi.

Tiba yenyewe ni sindano moja, na hutolewa katika hospitali ya wanyama iliyoko ng'ambo ya mpaka. Tezi iliyougua huifyonza ile iodini, na mionzi huiunguza sehemu mbovu na kuiacha iliyo nzima. Paka akipona, hahitaji tena kupakwa chochote maisha yake yote. Hilo ndilo analolitaka Bi Asya: Sheha atakayeweza kuishi bila mikono yake.

Maandalizi ndiyo marefu. Damu imepimwa, figo zimeonekana zina nguvu, kifua kimepigwa picha. Kwa wiki tatu kizimba cha safari kimekaa wazi sebuleni kwa Bi Asya, chakula kikiwekwa ndani yake, mpaka Sheha akakizoea na kulala humo kwa hiari. Hospitalini atakaa siku kadhaa bila kutembelewa. Akirudi, kwa wiki mbili hatalala kitandani kwa bibi wala hatasogezwa karibu na mtoto mchanga.

Na kila kitakachoingia naye huko hakitarudi, kwa kuwa kitakuwa kimeshika mionzi. Bi Asya alipoelezwa hivyo alitoa kabatini foronya iliyodariziwa na dada yake huko Malindi walipokuwa wasichana. Ghalia alimsihi atafute kitambaa kingine.

"Dada yangu hayupo, Malindi sipo," alimjibu. "Nimwekee nani? Mpe alalie. Ina harufu ya nyumbani."

Sharti la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Hospitali haimpokei paka asiyetimiza siku saba kamili bila dawa, kwani dawa huituliza tezi, na tezi iliyotulizwa huenda isiishike iodini inavyopaswa. Katika siku hizo saba ugonjwa hurudi mbele ya macho ya mwenye paka. Paka hukonda, hulia, huhema. Ghalia huwaonya wote mapema.

Sheha aliachishwa dawa Ijumaa. Kesho kutwa alfajiri anatakiwa kuondoka, na Jumamosi apokelewe. Fomu ya kuthibitisha siku zake saba lazima itumwe leo kabla ya adhuhuri, kwa saini ya aliyemwandaa.

Ghalia anaiweka kalamu mezani. Anamgeuza Sheha, anamshika sikio la kulia, analikunjua. Ndani yake kuna utando mwembamba unaong'aa.

Anavuta kiti, anakaa karibu na Bi Asya, magoti yakikaribia kugusana.

"Bibi yangu," anasema, "umempaka?"

"Nani?"

"Sheha."

"Nimpake nini?"

"Bibi."

Bi Asya anaupanga vizuri mtandio wake. Anatazama dirishani, anatazama meza, anamtazama mjukuu wake ambaye hana msaada wowote. "Kidogo," anasema hatimaye. "Jana magharibi. Na juzi."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ni hiyo juzi. Na Jumapili. Wallahi kidogo tu, ncha ya kidole."

Ghaith anashika kichwa. "Ya Rabbi! Bibi, si walikwambia khalas dawa?"

"Walinambia. Sikusahau, mie si mwehu." Sauti yake imepanda. "Nimemwona Jumamosi mbavu nje, manyoya kama fagio. Nimpeleke kwa watu yuko vile? Ng'ambo! Wamfungue kwenye kizimba wamtazame, waseme huyu katoka nyumba gani, hawana chakula? Hawana haya?"

Kisha anasimulia jambo ambalo Ghaith anasema hakuwahi kulisikia. Mwaka 1972 alipofika Oman kwa mara ya kwanza, alikuwa ameugua njia nzima. Jamaa za baba yake walimpokea kwa ubani, tende na kahawa, wakamkalisha juu ya zulia. Wanawake walimtazama mikono yake iliyobaki mifupa, na mmoja akamnong'oneza mwenziwe kwa Kiarabu, akidhani mgeni hakijui, kwamba mama wa msichana huyo hakumtunza.

"Mama yangu!" anasema Bi Asya. "Aliyekuwa akinitolea miiba ya samaki mmoja mmoja mpaka nina miaka kumi. Alibaki kule, sikumwona tena. Na neno la kwanza nililolisikia hapa likawa lile. Nkaapa, hatoki mtu nyumbani kwangu kwenda kwa watu amekonda. Hata paka."

Sheha anaruka chini ya meza, anaanza kukagua pembe moja moja.

Ghaith anasogea karibu. Anazungumza kwa upole, lakini jambo lake ni zito. Likizo ameshaichukua. Hati za mpakani zimegongwa mihuri. Nafasi inayofuata ni baada ya wiki sita, na Sheha ni mzee. "Dada Ghalia, ni siku chache tu. Weka saini. Nani atajua?"

Bi Asya naye anaushika mkono wa Ghalia kwa vidole vyake vilivyopinda. "Niandikie, mwanangu. Makosa ni yangu. Usimkoseshe yeye."

Kwa Ghalia, ombi hilo si jepesi. Katika miaka minne ameandaa paka tisa, na wanane wamepona. Wa tisa alitoka Sur. Mwenye paka alisema ameacha kumpa dawa, Ghalia akaandika, akaweka saini. Sindano haikufanya kazi. Paka yule aliendelea kukonda, akafa mwaka uliofuata. Baadaye ndipo mwenyewe alipokiri kwamba alimhurumia akawa anampa dawa kwa siri.

"Sikumuuliza mara ya pili," anasema Ghalia. "Niliona haya kumuuliza mtu mzima kama anasema kweli. Haya yangu ndiyo yaliyomponza yule paka."

Daktari Hazim anaingia akifuta mikono. Ghalia anamweleza kwa Kiarabu kilichotokea, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari anamtazama Sheha, anamtazama Bi Asya, kisha anasema uamuzi si wake. Aliyemwandaa paka ndiye anayejua kama yuko tayari.

Saa tano kasoro dakika kumi, Ghalia anatoka kwenda kupiga simu. Kupitia kioo cha mlango anaonekana akizungumza, akisubiri, akiandika kitu kiganjani mwake. Bi Asya amemchukua Sheha mapajani na anamsemesha kwa sauti ya chini maneno ambayo ni wao wawili tu wanaoyasikia.

Ghalia anarudi. Hakai. Anasema kwa Kiarabu ili daktari asikie, halafu anarudia kwa Kiswahili, polepole, akimtazama Bi Asya usoni.

"Sisaini fomu hii. Sheha hasafiri Ijumaa. Nimechukua nafasi ya baada ya wiki sita, wameniandikia. Mpaka hapo umpake kama kawaida, na siku ambayo mikono itakataa, nipigie nije nimpake mimi. Wiki ya mwisho atalala hapa kliniki, na kichupa cha dawa kitakaa mfukoni mwangu. Weye utakuja kila siku kukaa naye, utamwona anakonda, na hutampaka."

Bi Asya anafungua kinywa, lakini Ghalia hajamaliza.

"Ataondoka hapa mbavu nje, Bibi. Na kwenye kizimba nitaandika jina langu na namba yangu ya simu, kwa herufi kubwa. Watakaotaka kujua nani hakumlisha, wanipigie mimi."