Mswaki Laini wa Bibi

Kuna kijana hupita mbele ya saluni tunayosukia nywele pale Majengo akiuza miswaki ya miti, ameifunga vifungu vifungu kwa kamba ya mgomba. Akisimama tu, lazima mteja wake mmoja amenye mswaki pale pale kuujaribu, na ile harufu ya gome bichi, chungu kidogo, kama majani yaliyonyeshewa usiku kucha, inaingia mpaka ndani na kuyashinda mafuta yetu ya nywele. Hapo mikono yangu husimama kichwani mwa mtu. Mteja ataniuliza, "Vipi dada, umepotea mstari?" Sijapotea mstari. Nimerudi uani kwetu, na Bibi amekaa kwenye mkeka, anaponda kijiti kwa mchi.

Ngoja niwasimulie vizuri, maana nikisimulia nusu nusu watu hucheka mahali pasipo pake.

Utotoni meno yangu ya mbele yalitangulia. Nilikuwa nikifunga mdomo, yenyewe yanabaki nje yanachungulia nani kapita. Shuleni waliniita Kifungua Soda, na kuna mvulana mmoja aliwahi kuniletea chupa kabisa: "Zainabu, tusaidie basi, tuna kiu." Nilicheka nao, mimi ni mtu wa kucheka, ila nilijifunza kucheka na kiganja mdomoni. Kilichoniuma ni kingine. Nilitaka kuwa mtangazaji. Nilikuwa nashika mwiko wa ugali mbele ya jiko na kuitangazia nyumba hali ya hewa ya Songea, Namtumbo na Tunduru, lakini kila nikifika kwenye "mvua" na "mafuriko" upepo unanitoka kama baiskeli iliyochomwa mwiba. Mama alikuwa akinisikiliza huku anakunja nguo za mtumba anazouza. Akaulizia, akapata daktari wa meno anayefunga waya, akanipangia siku.

Kama hujawahi kuziona, kila jino hubandikwa kidude cha chuma kidogo kama punje ya mtama, halafu waya nyembamba hupita kwenye vidude vyote kama kamba ya kuanikia, ikiyavuta meno taratibu mpaka yasimame mstarini. Siku ya kufungwa, Mama alikuwa mnadani, kwa hiyo aliyenipeleka ni Bibi, mama yake Mama. Bibi alikuja kwetu kutoka Nakapanya msimu wa korosho ulipoisha, akasema atakaa kidogo, akakaa mpaka nikasahau nyumba ilikuwaje bila yeye. Hakuniita jina. Aliniita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu Babu eti alikuwa akinipenda mimi kuliko yeye.

Daktari alikuwa dada mpole mwenye sauti ndogo. Alimwamkia Bibi vizuri, akamaliza kazi yake, akavua glavu. Mlango wa kile chumba haukufunga sawasawa, na nje kulikuwa na benchi limejaa watu wanaosubiri, kila mmoja kashika shavu, kwa hiyo yaliyosemwa ndani yalisikika na wote.

"Bibi, kazi ya waya ni yangu, kazi ya usafi ni yenu," alisema. "Chakula kitakuwa kinanasa humu. Kikilala, fizi zitavimba na meno yataoza pembeni mwa vyuma. Kila akimaliza kula apige mswaki. Na uwe mswaki laini, mgumu utamuumiza."

"Mswaki laini?"

"Laini kabisa."

"Hilo tu? Niachie mimi, mwanangu." Tulipotoka akaliambia na benchi, hakuna aliyemuuliza: "Mswaki! Mimi nimekua nao mdomoni."

Hapo ndipo mambo yalipopindia, na wala hakuna aliyedanganya. Kwa daktari, mswaki ni ule wa dukani wenye brashi. Kwa Bibi, mswaki ni mti. Wa dukani yeye aliuita brashi, na brashi kwake ilikuwa ya viatu. Yeye alipiga mswaki wa mti kabla ya kila swala tangu akiwa msichana, na katika umri ule meno yake yote yalikuwa mahali pake, meupe, anavunja nayo muwa. Ungeanzia wapi kumbishia?

Basi Bibi akaanza kutengeneza mswaki laini. Alikata kijiti kibichi, akakimenya, akaponda ncha kwa mchi, akailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, akaiponda tena, akaipitisha shavuni mwake kupima. Ikikwaruza, anarudia. Akiridhika ananiita, "Mke mwenzangu, njoo, leo ni pamba." Na kweli ilikuwa pamba. Nilisugua mbele, nikasugua mbele, maana ndiko kijiti kilikofika. Chini ya waya hakikuingia. Karibu na fizi hakikuingia. Nyuzi zake zilikatika zikanasa kwenye vidude pamoja na maganda ya mahindi na vipande vya mboga, na fizi zikaanza kujaa, nyekundu, zikapanda juu ya vyuma kama unga unaoumuka. Nikisugua, damu. Bibi akasema ni damu chafu, acha itoke. Shuleni Kifungua Soda alishakufa, sasa niliitwa Seng'enge, na walionikaribia wakaanza kugeuza pua. Siku moja niliyekaa naye dawati moja aliniambia taratibu, kwa huruma tu, "Zainabu, mdomo wako una kitu." Afadhali angenitukana.

Tuliporudi kwa daktari aliniangalia mdomoni. Akachukua kibanio, akavuta uzi mmoja mrefu.

"Hii nini?"

"Mswaki," nilisema.

"Bibi, si tulisema mswaki laini?"

Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa kijiti chake cha asubuhi ile. "Huu hapa. Uguse mwenyewe, daktari. Kama utapata mwingine laini kuliko huu Songea nzima, niambie."

Daktari aliukunja uso asicheke. Benchi halikujizuia. Mzee mmoja nje alisema, "Bibi kaleta kuni hospitali!" na kicheko kikapita mlangoni chote, hata wenye mashavu yaliyovimba walicheka huku wanaugulia. Bibi akakirudisha kijiti kwenye pindo, akafunga fundo, akalifunga tena.

"Mswaki wako si mbaya, Bibi," daktari akasema, "meno yako yanaonyesha. Ila wewe huna waya." Halafu sauti ikabadilika. "Fizi hizi zinaumwa. Nikimkuta hivi safari ijayo, nitazitoa waya zote. Sitaweza kunyoosha meno kwa kuyaozesha. Na zikitolewa sasa, meno yatarudi yalikokuwa."

Nililia pale pale kwenye kiti. Bibi hakunibembeleza. Alisogea, akasema, "Nionyeshe hilo brashi linakwendaje. Nionyeshe mimi, huyu ni mtoto atasahau."

Daktari akamwonyesha kwa kioo. Mswaki wa dukani, nyuzi laini, ulazwe kidogo ukielekea kwenye fizi, utetemeshwe polepole pale jino linapokutana na nyama. Halafu juu ya waya ukielekea chini, chini ya waya ukielekea juu. Halafu kibrashi kingine, chembamba kama kile cha kuoshea chupa ya mtoto ila cha kuingia tundu la sindano, kipitishwe nyuma ya waya, katikati ya kidude na kidude. Mwisho kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Bibi alirudia kila kitu kwa mkono hewani, midomo yake ikichezacheza.

Njiani tulipita duka la dawa, akanunua mswaki wa nyuzi laini na kile kibrashi chembamba.

Kesho yake asubuhi alitandika mkeka uani penye mwanga, akaweka bilauri, kipande cha kioo, miswaki yote miwili. "Kaa. Tunaanza kulia." Ndipo nikamwona alivyolifikisha lile somo nyumbani kwake mwenyewe: alilipanga kama udhu. Kulia kwanza, kisha kushoto. Nje, kisha ndani, kisha sehemu za kutafunia. Juu, kisha chini. Ukiruka mahali, hujajitahirisha, unarudi mwanzo. "Hakuna kuchovyachovya," alisema. "Unaosha au huoshi?" Mimi nilisali lini kwa mpangilio kama huo! Lakini kwa mdomo wangu niliweza, kwa sababu mwili ulishajua wimbo: kulia, kushoto, nje, ndani.

Siku za kwanza ziliuma. Povu lilikuwa la rangi ya waridi, na kila nilipoliona nilitaka kuacha. Bibi alikishika kidevu changu: "Usiikimbie. Ukiikwepa fizi inayouma, uchafu unabaki hapo hapo unakucheka. Polepole, lakini upite." Mahindi ya kuchoma, ambayo kwangu ni maisha, aliniparuzia punje kwa kisu nikala kwa kijiko kama mgonjwa. Muwa alinikatalia, akawa anautafuna yeye akinieleza utamu wake. "Huu wa leo, mke mwenzangu, we acha tu."

Nilibeba mswaki shuleni kwenye begi. Baada ya uji nilikwenda bombani nikaanza, kulia, kushoto. Wakanizunguka.

"Jamani, Seng'enge anaoga mdomo!"

"Naoga," nikawajibu na povu langu. "Nyie mmeoga lini?"

Sijui lile jibu lilitoka wapi. Najua tu kwamba sikuweka kiganja.

Fizi zikaanza kushuka. Zilipauka kutoka wekundu wa nyanya, zikakaza. Asubuhi moja nilitema na bilauri ikabaki nyeupe, Bibi akaimwaga taratibu kama mtu anayemwaga kitu cha thamani, akaingia ndani kuswali.

Siku ya daktari ilipofika, Mama alisema ataacha mnada wake anipeleke yeye. Bibi akakataa. Alioga mapema, akavaa kanga yake mpya ambayo haikuwahi kutoka sandukuni, akajipaka wanja. Tulifika, benchi limejaa vilevile, na yule mzee wa kuni alikuwepo. Bibi aliwasalimu mmoja mmoja. Ndani, daktari alinifungua mdomo, akabonyeza fizi kwa kidole, akaangalia kidole, akabonyeza tena upande wa pili.

"Hazitoi damu," akasema. "Chini ya waya kuko safi. Bibi, waya zinabaki. Tunaendelea."

"Sema kwa sauti, mwanangu," Bibi akamwambia, "masikio yangu ya kizee."

Daktari akarudia, kwa sauti, na mlango ule usiofunga ukaipeleka habari mpaka mwisho wa benchi.

Masikio ya Bibi hayana shida yoyote. Mpaka leo, nikimpigia simu Nakapanya, anamsikia jirani anayegombana na kuku wake na ananisimulia. Lakini siku ile nilikuwa mtoto, nikaamini. Niliamini pia kwamba alikataa Mama asinipeleke kwa kuwa alipenda matembezi, na kwamba kanga ile aliivaa kwa kuwa ni mpya.

Nimekuja kuelewa ukubwani, mikono ikiwa kichwani mwa watu, nikiwaza. Alikuwa mwanamke aliyesifu ujuzi wake mbele ya watu, akachekwa mbele ya watu hao hao, na mjukuu alikuwa karibu kupoteza meno kwa mapenzi ya bibi yake. Angeweza kubaki nyumbani, amwachie Mama. Mimi ningebaki, nasema kweli. Yeye alijifunza upya kitu alichokijua tangu akiwa msichana, halafu akarudi kwenye benchi lile lile, amejipaka wanja, ili mdomo wangu ufunguliwe mbele ya mashahidi.