Duru ya Pili Ilianzia Mlangoni

Miaka ya sabini, wanaume wa mtaa wetu Nizwa, Omani, walikutana kwenye sabla, ukumbi wao wa mashauri. Kanuni ilikuwa moja: mtu hapelekwi kwa liwali mpaka wote waseme, "Ndiye." Mmoja akikataa, duru inaanza upya.

Siku moja mchunga mbuzi alishitakiwa kuchoma mitende ya jirani yake. Mkubwa wao alisema kwanza, "Ndiye." Kila aliyefuata, watu wazima na ndevu zao, alimtazama aliyemtangulia, si mshitakiwa, kisha akasema vilevile. Miye mgeni kutoka Unguja, Kiarabu changu cha kuombea maji, nilikaa mwisho, mlangoni penye viatu.

"Sikumwona," nikasema. "Nani kamwona?"

Nikawaza moyoni: wakinifukuza, wanangu nitawapeleka wapi?

"Basi tunaanza upya," akasema mkubwa wao. "Mara hii tuanzie mlangoni, na wewe."

Nikarudia yale yale. Aliyekaa karibu yangu akainamisha kichwa. "Hata mimi sikumwona." Na aliyemfuata vivyo hivyo, mpaka tukafika kwa mkubwa.

"Mimi nilidhani nyinyi mmemwona," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa khasa.