Ukoko wa Jino

Kosa lenyewe lilianzia kwenye neno. Jino la mnyama likilala ardhini hadi likageuka jiwe, madini ya udongo hulifunika, yakaganda juu yake kama gamba jeupe, gumu. Wasomi wana jina lao refu la gamba hilo. Emelyne, mama mmoja kutoka Katumba aliyekuwa fundi wa kuyasafisha meno hayo kwenye ofisi ya utafiti pale Makanyagio, aliliita ukoko tu, na Pudensiana alipokuja kujifunza kazi akalipokea jina hivyo hivyo. Sasa mtajie binti wa Kipimbwe kama yeye ukoko, uone akili yake itakimbilia wapi. Itakwenda jikoni, kwenye sufuria ya wali.

Emelyne alimfundisha vizuri, tusimsingizie mama wa watu. Sindano ilazwe, isisimamishwe. Tia tone la maji, kwangua kidogo, piga brashi, angalia kwenye lenzi. Jino likianza kung'aa, sindano irudi nyuma.

"Usishindane nalo, mdogo wangu," alimwambia. "Limekaa humo tangu kabla ya mababu zetu. Halina haraka."

Mwenye haraka alikuwa Pudensiana. Siku moja Emelyne alikwenda hospitali, akamwachia jino dogo kama punje ya mchele, lililookotwa korongoni huko nyuma ya Kasokola. Mwalimu Ladislas, mtafiti mwenye kazi ile, alikuwa akilisifia jino hilo kutwa kama mtu aliyepata mjukuu. Pudensiana akakwangua asubuhi nzima, shingo ikamuuma, ukoko ukakataa kubanduka. Akajiuliza, kwani nyumbani ukoko tunautoaje? Tunauloweka. Na ukishupaa, tunaukamulia ndimu. Basi huyo, gengeni, akarudi na ndimu, akalikamulia jino.

Na ukoko ulitoka kweli. Ulitoa mapovu madogo madogo, naye akaenda zake kula, moyo mweupe. Aliporudi mchana akalisuuza jino, akaliweka chini ya lenzi. Loo! Mng'aro wote ulikuwa umekwenda na ukoko. Vile vilima vya kutafunia, ambavyo Mwalimu alitaka kuvisoma ajue mnyama yule alikuwa nani, vilikuwa vimelika kama sabuni iliyosahauliwa majini. Akalirudisha jino kwenye kisanduku cha Emelyne, akafungua madirisha, akafunga mdomo.

Asubuhi iliyofuata Ladislas alifungua kisanduku, wote watatu wakiwa mezani.

"Hili nani alilishika?" aliuliza polepole.

Pudensiana alitaka kusema. Uoga ukamwambia subiri kidogo. Emelyne akalitazama jino kwenye lenzi.

"Lilikuwa mikononi mwangu, Mwalimu," akasema.

Ladislas hakufoka, na heri angefoka. Alisema tu kwamba Emelyne atoke kwenye meno, akachekeche udongo uani, na meza yake aikalie Pudensiana. Haya, aliyeharibu ndiye aliyepewa kiti!

Siku hiyo Pudensiana alikaa kwenye meza ya Emelyne. Kila akiinua macho alimwona Emelyne dirishani, amejifunga kanga kiunoni, anatikisa chekeche juani, mama wa umri ule. Pudensiana akajitafutia sababu: kwamba ana watoto, kwamba yeye ni mgeni kazini, kwamba dada Emelyne mwenyewe ndiye aliyesema. Zote zilimnukia uongo. Emelyne naye ana watoto. Pudensiana alijiona mchafu, akaona kabisa kwamba hastahili kukaa pale.

Jioni alimfuata Emelyne bombani, alipokuwa akinawa vumbi.

"Dada, lile jino ni mimi. Nililitia ndimu."

"Najua. Nilisikia harufu."

"Sasa mbona ulijibebesha?"

"Sikujibebesha. Nilikupa nafasi." Emelyne alifunga bomba, akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nilidhani nikisema vile, wewe hutaweza kunyamaza. Ukaweza."

Gari la Mwalimu lilikuwa linatoka getini. Pudensiana akalikimbilia huku analia na kupunga mikono miwili, vijana wa bodaboda wakimshangaa.