Mkoromo wa Chumbani kwa Jirani

Nina hasira, tena na mimi mwenyewe. Mume wangu yuko kazini kisiwani Songo Songo, mwezi wa nne huu hajakanyaga hapa kwetu Mitwero. Nipo mimi, mtoto na kuta. Jumatatu mchana nikasikia mtu anakoroma chumbani kwa jirani yangu, mwalimu Stella, anayeishi peke yake. Anakoroma, pumzi inakata, anashtuka, anaanza upya. Nikasema huyo ni mume wangu, kashuka kimyakimya.

Nikamwita mama mkwe kutoka nyumba ya pili, awe shahidi. Mtoto mgongoni, mwiko mkononi, nikasukuma mlango.

"Baba Rehema, amka."

Nikavuta shuka. Kijibwa, uso bapa kama kimegonga ukuta. Kwetu mbwa analala nje. Nani angedhani huyu ana kitanda?

"Anabanwa pumzi akilala," Stella akasema taratibu, akitokea uani. "Kesho nampeleka Dar akapasuliwe, wampanue matundu ya pua, wampunguze nyama ya kooni."

Mama mkwe alinitazama mimi, si mbwa.

"Mama Rehema, mwanangu hajawahi kukoroma. Umeshasahau anavyolala?"

Nilikuwa nimesahau.