Ukurasa wa Kumsomea Mama

Nyumba nzima ilijua kwamba kaka mkubwa anaandika tasnifu. Mama yake, fundi cherehani, akimwona tu anafungua kompyuta anaacha kushona, anazima redio na kuwafukuzia wadogo zake uani, eti msomi anafikiri kwa Kiingereza. Nguo za wateja zikawa zinalala mezani.

Na huyo msomi? Alikwama sura ya pili zamani. Mwanzoni alikuwa na moto kwelikweli. Habari za wachuuzi wa sokoni, ndiyo mada ya tasnifu yake, angekueleza kwa Kiswahili mpaka chai yako ipoe, lakini akigusa Kiingereza maneno yanamgomea. Msimamizi wake alimrudishia kurasa zimejaa wino mwekundu, akamwambia hoja ni nzuri, lugha ndiyo inayomwangusha. Tangu hapo akikaa mezani mikono inakuwa mizito. Ili mama asikie vitufe vinalia, alichapa upuuzi wowote, kisha akaufuta. Alijionea aibu mpaka chakula kikamshinda, lakini kesho yake akafanya vilevile.

Kila Ijumaa mama alitaka asomewe ukurasa mmoja. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, ila alitega sikio, sindano mkononi, uso umemng'aa. Kijana alimsomea ukurasa uleule wa siku za moto, akijua hatagundulika.

Ijumaa moja, alipofika katikati, mama aliinua macho.

"Mwanangu, hapa si ulishanisomea?"

Kijana akageuzageuza karatasi kama anayetafuta ukurasa.

"Maana naona kama nasikia yaleyale kila siku," mama akasema taratibu, kama anayeomba radhi. "Nikajiambia labda ni ujinga wangu tu. Au masomo makubwa ndivyo yalivyo, yanarudiwarudiwa?"

Angesema tu, nimekwama. Neno la Kiswahili, halihitaji kamusi wala msimamizi, na mama angelielewa. Lilimfika mpaka kwenye meno. Akazitazama nguo za watu zilizolala kwa ajili yake, akaona aibu hata ya kulitamka.

"Ndivyo yalivyo, mama."

Mama akashusha pumzi, akajicheka kidogo kwa kutokujua kwake, akamwomba aendelee. Kijana akainamia karatasi ili uso wake usionekane, akaendelea kusoma.