Jumba la Vioo Nisilokuwa Nalo

Kazi yangu ni kushona mapazia hapa Busia, upande wa Uganda, kwenye baraza ya duka la mjomba wangu. Kwa miaka mingi wateja walinipata kwa kuulizia njiani. Halafu nikahudhuria mafunzo ya siku tatu ya biashara ya mtandaoni, nikarudi nimevimba kichwa, na baada ya wiki mbili nilikuwa nimejitengenezea tovuti.

Niliipamba kama bibi harusi. Juu kabisa niliweka picha ya jumba la vioo, niliyoiokota mtandaoni, na chini yake nikaandika "Makao Yetu Makuu". Pembeni alitabasamu binti wa Kizungu aliyevaa vipokea sauti vya masikioni, eti ndiye anayepokea simu zetu. Kulikuwa na saa nyekundu ya kuonyesha kwamba punguzo la bei linakaribia kwisha. Ikifika sifuri, inaanza upya. Sifa za wateja nilizitunga mwenyewe huku nikinywa chai, na nilipozisoma ziliniingia moyoni kabisa.

Picha ya kweli ilikuwa moja tu, ya pazia la maua ya kijani likining'inia pale barazani. Niliipiga haraka haraka, na sikujua namna ya kuikata pembeni.

Miezi miwili ikapita bila mtu hata mmoja kuagiza. Nililaumu mtandao. Nililaumu watu wa Busia kwa kutojua vitu vizuri. Nilichofanya ni kuongeza rangi ya dhahabu kwenye maandishi.

Asubuhi moja mama mmoja mtu mzima alisimama mbele ya cherehani yangu, viatu vimejaa vumbi. Alisema yeye ni mwalimu mstaafu, ametoka Osukuru kule Tororo. Binti yake alikuwa karibu kutembelewa na wakwe, naye alitaka mapazia mapya ya sebuleni. Tangu ashuke kwenye teksi alikuwa akizunguka mji akitafuta jengo fulani. Akanipa simu yake nitazame. Nikaliona jumba langu.

"Mama, hawa watu unawajua?" mwalimu aliniuliza. "Ama ni wezi?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Badala yake nilijibu kwamba nimewasikia, na kwamba wanasifiwa sana.

Mwalimu akatikisa kichwa. Alisema ile saa nyekundu ameitazama siku nne na punguzo halijaisha. Yule binti wa Kizungu naye amemwona kwenye tangazo la dawa ya meno. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwa nini basi amesafiri kuja huku.

"Kwa sababu ya hii," alisema, akafungua picha ya pazia la kijani. "Huku pembeni kuna mguu wa mtu na kiti cha plastiki. Mwizi angeuficha huo mguu."

Akainua macho. Pazia lenyewe lilikuwa nyuma yangu. Akashusha macho hadi kwenye kiti, kisha kwenye mguu wangu uliokuwa juu ya kanyagio la cherehani, nao ulikuwa na ndara ile ile ya pichani.

Nikakiri yote, mpaka zile sifa nilizojiandikia. Nilitegemea acheke, lakini alinisikiliza kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyenakili mtihani. Nilipomaliza, aliuvuta upindo wa pazia kwa vidole viwili kuona kama mshono unashika. Ulishika. Akaniambia nishone manne, niyapeleke mwenyewe Osukuru na kuyatundika, ndipo atalipa.

Niliyatundika siku tano baadaye, mbele yake na binti yake. Matatu yalikaa sawa. La nne liliishia juu sana, mbali na sakafu, kama suruali ya mtoto aliyerefuka. Kwenye tovuti nilikuwa nimeandika "Vipimo vya Uhakika". Nikalirudisha Busia, nikalishona upya, na wakwe walipofika lilikuwa limeshatundikwa.

Jumba, binti wa Kizungu na saa niliviondoa wiki hiyo hiyo. Nilimwomba mwalimu aniandikie sifa moja ya kweli, nikitarajia maneno matamu. Alituma hivi: "Pazia moja lilikuja fupi. Alirudi akalitengeneza." Nilikaa nayo siku mbili nikiona aibu, kisha nikaiweka.

Siku hizi watu hupiga simu kutoka Tororo na hata ng'ambo ya mpaka. Wengi wao, kabla ya kutaja rangi wanayotaka, huuliza kwanza kama nimeshajifunza kupima.